Sakafu Iliyotaka Kumhamisha Bibi

Wiki iliyopita nilimpeleka mama kliniki ya mifupa hapa mjini, na nikacheka mahali ambapo hapachekwi. Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi tukisubiri kuitwa, wazee na mikongojo yao, sisi watoto wao tumeshika mafaili na chupa za maji. Akatokea kijana mmoja wa mazoezi ya viungo, raba nyeupe pee, akaanza kutufundisha namna ya kumkinga mtu wa mkongojo asianguke nyumbani. Vizulia vya mlangoni viondolewe. Sakafu isiwe na maji wala mafuta. Mkongojo uwe na mpira chini, na mshikio wake ufike usawa wa kifundo cha mkono, pale unapofunga saa. Viatu vishike kisigino, kandambili zibaki bafuni kwa vijana. Alikuwa anasema vizuri tu, mtoto wa watu, ila alipofika kwenye "sakafu inayong'aa ni adui yako," nikashindwa. Kicheko kilinitoka puani. Mama akanifinya paja, lakini nilipomtazama, mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika.

Yule kijana alidhani tunamdharau, na hadi leo namwonea huruma. Angejua tu. Yale aliyoyasoma chuoni, sisi tuliyasoma kwa bibi, na ada tuliilipa.

Ngoja nikusimulie, ndugu yangu, maana nikikaa nayo peke yangu nitacheka tena mahali pabaya.

Nililelewa na bibi mzaa baba, juu huko kwenye miteremko ya Meru. Wazazi wangu walikuwa wanafanya kazi mjini, wamepanga chumba Kijenge, wakaona mtoto atanenepa zaidi akiwa kwenye maziwa. Hawakukosea. Kwa bibi nililishwa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, mpaka macho yakawa madogo. Jumapili ilikuwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na katikati ya wiki ndizi za kila namna, za kuchemsha, za kuchoma, za kuponda na maharage. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unashuka asubuhi mpaka hulioni zizi, unamsikia ng'ombe tu anakohoa kama mzee wa kanisa. Moshi wa jikoni ulikuwa unakataa kupanda juu, unazurura migombani. Kazi zangu zilikuwa kukata majani ya ng'ombe, kuteka maji mferejini, na kugeuza kahawa juani pale jua lilipokubali kutoka. Hizo zote nilizifanya nikinung'unika. Kazi moja tu niliifanya kwa heshima, kwa sababu bibi mwenyewe aliiheshimu kuliko zote: kung'arisha sakafu ya sebuleni.

Sakafu ile ilikuwa nyekundu. Babu, ambaye mimi sikumkuta, aliiweka mwaka mmoja kahawa ilipolipa vizuri, na ilikuwa ya kwanza ya saruji katika kitongoji chote. Watu walikuwa wanakaa kwenye vumbi na samadi iliyokandikwa. Bibi alikuwa anasema siku fundi alipomaliza, majirani walikuja wakasimama mlangoni wakakataa kuingia, wakidhani bado ni mbichi kwa jinsi ilivyong'aa. Mwaka uliofuata babu akafariki. Alimwachia bibi ng'ombe, kahawa, fimbo yake ya mzeituni pori, na ile sakafu. Ng'ombe walikufa wakazaliwa wengine. Sakafu ilibaki ile ile, na kila Jumamosi ilipakwa dawa nyekundu ya kopo.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza unapiga deki, unaacha ikauke kabisa. Kisha unapiga magoti na kitambaa, unapaka dawa kutoka ukutani ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, maana ukianzia mlangoni utajifungia ndani. Halafu unachukua vipande vya blanketi kuukuu, unavikanyaga, kimoja kila mguu, na unateleza. Hapo ndipo raha ilipokuwa. Nilikuwa nateleza kutoka kabati la vyombo hadi mlango wa chumba cha bibi, na bibi amekaa kwenye kiti ananisimamia kama mhandisi: hapo kwenye kona umeruka, rudi. Hakuridhika mpaka aone dirisha lote limeonekana chini, na mapazia yake. Magoti yangu yalikuwa mekundu muda wote. Mwalimu wetu wa darasa aliwahi kuniita pembeni akaniuliza kama nyumbani napigwa. Nilimwambia hapana mwalimu, tunangoja wageni.

Basi, msimu mmoja wa vuli bibi alidondoka kwenye njia ya shambani akiwa na debe la kahawa kichwani. Nyonga ikaumia. Alilazwa, akatibiwa, akarudi, lakini mguu haukurudi wote. Hapo ndipo fimbo ya babu ilipotoka nyuma ya mlango. Sasa babu, wanasema, alikuwa mrefu kama mti wa mgrevilea, na bibi alikuwa mfupi hata kwa mizani ya wafupi. Akishika mshikio, bega linapanda mpaka sikioni. Mtu yeyote angeona kwamba fimbo ile inataka msumeno, ila nani angethubutu kusema? Fimbo ya mzee mwanamume ndiyo aliyosimama nayo kwenye vikao, ndiyo iliyoamua mipaka ya mashamba. Kuikata ilikuwa kama kumkatiza mzee akiwa anaongea. Na chini yake ulikuwa mti mtupu, umelainika kwa miaka. Chukua mti laini, weka juu ya sakafu inayoonyesha mapazia, halafu mpe bibi wa watu aegemee. Uliona wapi?

Alianguka wiki ile ile aliyoanza kuishika. Alikuwa anatoka chumbani kwenda kuchungulia nani amepiga hodi, akakanyaga kizulia, kizulia kikaenda na safari zake. Hakuvunjika. Ila habari ilifika kanisani kabla hata sijamaliza kumkanda maji ya moto, na unajua kwetu mtu akianguka inakuwaje. Wanakuja. Akina mama wa usharika wanakuja na sukari, na mkungu wa ndizi, na maziwa, na wimbo, na sala. Na kwa kuwa wanakuja, nyumba iwe safi. Bibi kitandani, amefungwa kitambaa nyongani, ananiita kwa sauti ya mgonjwa: mjukuu wangu, umepaka dawa? Nikapaka. Akina mama wakaja, wakasifu sakafu, wakaomba, wakala, wakaondoka. Kesho yake bibi akainuka kidogo kunyoosha miguu, akaanguka pale pale walipokuwa wameimba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akaanguka, na kwa kuwa ameanguka, wageni wakaja tena. Na wageni wetu hawakuja mikono mitupu. Bibi alipenda vitu vilivyofumwa, na kila mama aliyejua sindano alimletea kizulia. Cha njano karibu na kabati, cha maua chini ya meza, kingine chenye picha ya tausi mbele ya kitanda. Kukataa zawadi huwezi, na kuificha huwezi pia, maana aliyeleta atarudi kuitafuta kwa macho. Sebule ikawa kama mtego wa panya uliopambwa.

Hapo ndipo baba mkubwa alipoingia. Huyu ni kaka yake baba, mwenye gereji yake kule mjini, Sakina, mtu wa sauti kubwa kwa sababu ya kuongea juu ya injini mchana kutwa. Alimpenda mama yake kupita kiasi, na mapenzi yake yalikuwa ya kubeba mtu mzima mzima. Alisimama mlangoni kwa ovaroli, akaangalia mama yake anavyochechemea, akatoa hukumu: ukianguka tena, mama, unahamia kwangu Sakina. Nyumba tutafunga. Mtoto atarudi Kijenge kwa wazazi wake.

Bibi akamjibu kwamba kuteleza si kuanguka, kila mtu anajua. Baba mkubwa akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bibi akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza hapa mkuu ni nani. Hata hivyo baba mkubwa hakubadili neno lake. Na sisi wote tulijua kuwa akisema kitu anakifanya, maana ndiye aliyekuwa na gari.

Usifikiri Sakina ni pabaya. Nimeishi huko nikiwa mkubwa, napapenda. Ila bibi alishawahi kukaa huko alipotoka hospitali, na alirudi amekonda. Alisema mabasi ya Nairobi yanapita kichwani mwake. Alisema maji yananunuliwa kama nyama, na ndizi zinauzwa kwa kuhesabiwa moja moja kana kwamba ni mayai. Kilichomuuma zaidi ni kuwa hakuna aliyepiga hodi. Alikaa kwenye kochi zuri, mkwe wake anamletea chai kwa heshima zote, na mchana ukapita bila mtu kuja kumwambia nani kazaa, ng'ombe wa nani kapotea, nani kamfuma nani wapi. Alisema kule alikuwa kama picha ya ukutani. Na mimi ningepoteza nini? Ningempoteza bibi na ukungu na ng'ombe kwa mpigo mmoja. Nililia migombani siku ile, nikajiapiza kwamba bibi hataanguka tena. Sikufikiria kuacha kupaka dawa. Hata hilo halikuniingia akilini, kwa kuwa nani angepokea wageni kwenye sakafu iliyopauka?

Bibi naye alikuwa na mpango wake. Mpango wake ulikuwa kuanguka bila mtu kujua.

Ilikuwa siku ya likizo, asubuhi. Mimi niko jiko la nje nakoroga uji, nikasikia kishindo ndani, puu, kisha kimya. Nikakimbia. Lakini jirani yetu, mama mmoja mwenye miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi, alikuwa ameshapita mlango wa mbele na kibuyu chake cha maziwa. Nilipofika nilimkuta amesimama, kinywa wazi. Bibi yuko chini, amepiga magoti mbele ya kochi, viwiko juu ya kochi, kanga imemkaa upande, fimbo imelala mbali. Amefumba macho.

Jirani akauliza kwa upole kama kuna shida. Bibi hakufumbua hata jicho moja. Akasema, "Naomba."

Ungefanyaje ungekuwa wewe? Jirani akaweka kibuyu chini, naye akapiga magoti. Na mimi mlangoni nikapiga magoti, mwiko wa uji mkononi. Bibi akaanza kuomba kwa sauti, na sijawahi kusikia sala kama ile. Alianza na usharika, akaenda kwa wagonjwa, wajane, walimu, kahawa na bei yake. Akaombea mvua, akaombea na watu wa mikoa mingine ambako mvua imezidi. Kila alipofika karibu na amina, nilimwona anajaribu mguu, mguu unakataa, na anarudi kwa mifugo. Jirani alianza kulia kwa kuguswa. Uji wangu uliungua tukaunusa wote. Mwishowe bibi alisema amina, akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kumpa mwenzake amani, jirani akaushika, na bibi akajivuta juu kwa nguvu mpaka jirani karibu aende chini yeye. Wakakaa wakanywa maziwa. Fimbo niliiokota mimi, nikaiweka karibu kama vile ndipo ilipokuwa.

Tatizo la uongo wa ibada ni kwamba unapata wafuasi. Kabla jua halijazama kitongoji kizima kilijua kwamba bibi huomba kwa magoti asubuhi, peke yake, na nyonga ile. Akina mama wakasema sisi wenye nyonga nzima tunafanya nini? Wakaamua kwamba kila Alhamisi watakuja kuomba naye. Bibi akashukuru, afanyeje. Kwa hiyo kila Jumatano nikawa napaka dawa, na kila Jumamosi napaka tena kama kawaida. Sakafu ilifikia hatua kuku akiingia anatoka kwa tumbo. Bibi alikuwa anatembea ameshika ukuta, meza, kabati, kichwa changu. Mbele za watu anashika fimbo, wakiondoka anarudi ukutani. Nilikuwa nikitoka shule nakimbia mteremko wote, nikisogelea nyumba namwita kutoka mbali. Akiitika ndipo napumua.

Bila shaka mtu alimpelekea baba mkubwa habari, kwamba mama yako anatambaa na kuta. Nami najua ni nani, ana ulimi mwepesi. Baba mkubwa safari hii akatumia akili. Akajua mama yake hamsikilizi mtoto, basi akaenda kwa mchungaji. Wakapatana kuwa Jumapili baada ya ibada mchungaji atafika nyumbani kumwombea bibi, na hapo hapo atamshauri kwa upole akubali kwenda Sakina. Na bibi, ambaye humbishia kila mtu, hakuwahi kumbishia mchungaji. Baba mkubwa alikuja na gari, na godoro jembamba limetandikwa siti ya nyuma. Nililiona lile godoro, nikajua ni la bibi.

Mchungaji kufika nyumbani kwako si jambo dogo. Nilipaka dawa Jumamosi mpaka kopo likaisha, nikakwangua na kifuniko. Vizulia vyote vikatandazwa, hata vya kabatini, ili asije mama mmoja akasema changu hakikuonekana. Mchungaji wetu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri na viatu vyenye soli ya ngozi, vile viatu vya madhabahuni. Akaingia, akina mama nyuma yake, baba mkubwa akasimama karibu na mlango amefunga mikono. Wakaimba. Wakanywa chai kwa maandazi. Kisha mchungaji akasimama, akajikohoza, akamgeukia bibi ambaye alikuwa ameketi na fimbo yake mbele, uso umetulia. Nadhani alishajua.

Mchungaji akaanza kusema kwamba watoto ni baraka, na kwamba kuna wakati wa kila jambo. Akasema nyumba hii ni nzuri, imejaa sala. Akapiga hatua moja kumsogelea, kwa mapenzi, mkono mbele, akasema, "Lakini mama, hapa utaanguka."

Mguu wake ulikuwa juu ya tausi.

Ndugu yangu, sijui nikwambieje. Mtu mnene akianguka kuna muda mrefu sana kabla hajafika. Tulimwona anaondoka, tukamwona anatafuta pa kushika, tukamwona anapata kitambaa cha meza, na kitambaa kikaja na vikombe. Akafika chini. Nyumba ikatikisika. Kizulia chenye tausi kikaenda peke yake mpaka mlangoni, kikasimama kwenye miguu ya baba mkubwa. Unamchekaje mchungaji? Unamwinuaje mchungaji? Akina mama walikuwa wameziba midomo kwa kanga, na juu ya kanga macho yanatoka machozi.

Bibi akageuza kichwa taratibu akamtazama mwanawe. "Baba," akasema, "na mchungaji naye utampeleka Sakina?"

Aliyeanza kucheka ni mchungaji mwenyewe, kutoka pale chini. Akacheka mpaka tumbo likawa linapanda na kushuka kama mvukuto, na sisi tulipopata ruhusa hiyo, jamani, tulilia. Baba mkubwa aliegemea mlango akacheka bila sauti. Kisha mchungaji akajaribu kuinuka, mguu mmoja ukateleza, akajaribu mwingine, nao ukateleza. Akatulia. Akafumba macho. Akasema, "Basi, tuombe." Akaomba sala ndefu sana. Nilimtupia bibi jicho, na bibi naye alikuwa ananitazama, na hapo nilikaribia kufa.

Alipoinuliwa na wanaume wawili na kuketishwa, mchungaji alijipangusa rangi nyekundu kwenye suti, asifanikiwe, na akabadili mahubiri. Akamwambia baba mkubwa kwamba yeye ni mzima wa miguu yote miwili na ameanguka, kwa hiyo mwenye kosa ni sakafu, mama hana kosa. Kisha akamgeukia bibi, na safari hii hakuwa anacheka. Akamwambia achague. Sakafu ing'ae yeye aende, au yeye abaki nayo ising'ae.

Bibi aliinamia fimbo yake. Nikaona anaangalia chini, pale vikombe vilipovunjikia, pale dirisha lilipokuwa linaonekana na mapazia yake. Hakuna aliyemharakisha. Hata mtoto aliona kwamba mle ndani ameombwa kumzika babu mara ya pili. Aliinua mkono akafuta pua kwa ncha ya kanga.

"Leteni patasi," akasema.

Fundi alikuja kesho yake. Akadonoa sakafu yote kwa patasi na nyundo, ngo ngo ngo, ili saruji mpya ipate pa kushika, kisha akamwaga tabaka jembamba, na kabla halijakauka akalipitisha ufagio wa chelewa likabaki na mikwaruzo. Bibi alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, ameipa nyumba mgongo, anachambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Kila nyundo ilipolia, alifumba macho kidogo. Baba mkubwa hakurudi Sakina siku hiyo. Alikata kipande cha tairi, akakichonga kiatu cha fimbo, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kama anaweza kuigusa na fimbo yenyewe. Bibi akaichukua kwanza, akaiweka mapajani, akaongea nayo kwa Kimeru, maneno machache, kama mtu anayeomba radhi kwa jirani. Kisha akasimama wima, mikono chini, na baba mkubwa akapima pale kifundo cha mkono kilipofika. Msumeno ukapita, kiatu cha tairi kikapigiliwa chini. Bega la bibi likashuka mahali pake. Vizulia tulivitundika ukutani vyote, na akina mama wakafurahi zaidi, kwa sababu sasa vinaonekana hata ukiwa umesimama.

Sakafu ilikuwa mbaya. Nakwambia ilikuwa mbaya, ya kijivu, ina mikwaruzo kama mgongo wa mamba. Bibi aliilaani kila asubuhi kabla ya chai, na aliitembea kila asubuhi, du, du, du, bila kushika ukuta. Aliishi juu yake mpaka mimi nikamaliza shule, nikaolewa, nikampelekea vitukuu vikachubuka magoti humo. Hakwenda Sakina tena isipokuwa harusini, na alirudi siku ile ile. Alifariki kitandani kwake, alfajiri ya mwezi wa saba, na yule jirani wa kibuyu ndiye aliyepiga hodi akakosa jibu.

Leo nyumba haipo. Binamu yangu amejenga nyingine pale, ina geti na vigae vinavyong'aa kila chumba, na ukitaka kwenda unapiga simu kwanza. Alhamisi hakuna anayekuja. Akina mama wengi wa wakati ule wamekwenda, na waliobaki wanaogopa vile vigae, wanasalimia kutoka nje. Nakumbuka harufu ya ile dawa nyekundu, na nikiinusa mahali nasimama kidogo. Naikumbuka kwa upendo, na ilikaribia kutuharibia kila kitu.

Makaburi yetu yako pale pale shambani, chini ya kahawa, kama ilivyo kwetu. Siku hizi kila mtu anajengea wazazi wake kaburi la vigae, na baba mkubwa, mzee sasa, alileta maboksi ya vigae vyeupe, vya bei, vinavyoakisi mawingu. Alitaka mama yake ang'ae. Fundi alikuwa ameshachanganya saruji, na mvua ya manyunyu inaanguka. Jirani, ambaye naye siku hizi anatembea na mkongojo, alikuwa amesimama pembeni anaangalia yale maboksi.

"Msimwekee hivyo," akasema. "Tutamtembeleaje?"

Baba mkubwa akayarudisha maboksi garini mwenyewe, moja moja. Kwa hiyo katika makaburi yote ya pale, la bibi ndilo lisilo na sura. Saruji tupu iliyopitishwa ufagio, pamoja na njia yake kutoka mlango mdogo wa nyuma wa ua. Na asubuhi, hata ukungu ukiwa umelowesha kila kitu, jirani anafika mpaka kichwani pa kaburi, anauegemea mkongojo wake, na anampa habari zote za kitongoji.